Upele Unaohesabu Siku

Msimu wa maembe ukifika Tabora, watoto wengi humenya embe kwa meno na hawadhuriki. Hapa na pale, lakini, mmoja huamka kesho yake au keshokutwa midomo imevimba na vipele vyenye majimaji vimemzunguka kinywa. Mama akimuuliza amekula nini leo, jibu halimsaidii, maana cha leo hakina kosa. Kosa ni la juzi, na mkosaji ni utomvu ulio kwenye ganda na karibu na kikonyo, wenye kemikali za jamii moja na zile zinazobabua mikono ya wabangua korosho. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Miembe mikongwe bado inaonyesha ilikopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na pale mjini Tabora hata kata ya Mtendeni imebeba katika jina lake mtende, mti mwingine wa watu wa pwani na Arabuni. Kwa hiyo mtu wa Mtendeni, aliyekulia penye miembe, hahitaji kuelezwa kwa mshangao kwamba mwili unaweza kukutana na kitu leo ukakasirika keshokutwa. Analijua hilo tangu utotoni. Kinachomshinda, na kinachowashinda pia wengi waliovaa koti jeupe, ni kulikumbuka jambo hilohilo pale upele unapoletwa na kidonge.

Watu wakisikia neno mzio, au aleji, hufikiria jambo la papo hapo: mtu kachomwa sindano ya penisilini, hajatoka mlangoni mwili umejaa mabaka yanayowasha, pumzi inambana, anaanguka. Mzio huo upo na unaua, ila una unafuu mmoja kwa anayeutafuta: dawa na madhara yake vimekaa bega kwa bega, hata aliyesimama dirishani anaweza kutoa ushahidi. Mwaka 1963 Philip Gell na Robin Coombs waliigawa mizio katika aina nne, na huu wa papo hapo wakaupa namba ya kwanza. Namba ya nne wakaupa mzio wa kuchelewa, ambao ndio wa embe. Huo hauletwi na kingamwili zinazoelea kwenye damu. Unaletwa na chembe nyeupe ziitwazo limfositi T, na chembe hizi ni kama askari wa mgambo. Zinataka muda wa kumtambua adui, kuitana, kuongezeka, kisha kusafiri hadi kwenye ngozi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuionja dawa fulani, maandalizi hayo huchukua kama wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Kwa aliyeionja zamani na mwili wake ukaikariri, askari wako tayari kambini, na siku moja hadi tatu zinawatosha.

Kila sura ya mzio huu ina kalenda yake. Vipele vya kusambaa vinavyofanana na surua, ambavyo ndivyo vya kawaida kuliko vyote, hutokea kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu dozi ya kwanza. Vile vinavyojaa usaha mdogo mdogo usio na vijidudu, vikianzia makwapani na kwenye mikunjo, vina haraka: siku moja au mbili baada ya antibiotiki kuanza. Ule unaobambua ngozi, ambao tutaurudia, huja kati ya siku ya 4 na ya 28. Na upo mmoja mvivu kuliko yote, unaovimbisha uso na tezi, kupandisha homa na kulishambulia ini. Huo hungoja wiki mbili hadi nane, mgonjwa akiwa ameshasahau kwamba aliwahi kumeza kitu. Dai langu ni kwamba katika mizio hii kifaa kikuu cha utambuzi ni tarehe. Silisemi kama faraja ya maskini, kwamba kwa kuwa mkoa hauna maabara ya mzio basi tujipoze kwa kalenda. Hospitali yenye kila kipimo nayo huanza na tarehe, na mara nyingi huishia hapohapo. Richard Burton alipofika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, alihesabu siku 134 tangu kuondoka pwani. Njia ile ilipimwa kwa siku za mwendo kabla haijapimwa kwa maili. Anayeutafuta mzio wa kuchelewa naye hupima hivyo.

Tuchukue mgonjwa wa kubuni, kwa maana wa aina yake wapo kila mtaa. Tarehe 1 mama huyu ana homa na koo linauma. Anakwenda duka la dawa muhimu, anapewa amoksilini ya siku tano. Tarehe 6 homa haijakata, anakwenda zahanati, anapimwa, anakutwa na malaria, anapewa dawa mseto ya siku tatu. Tarehe 10 mkojo unamchoma, anapewa Septrini. Tarehe 11 asubuhi anaamka vipele vimetapakaa kifuani, mgongoni na mikononi. Muulize yeye mwenyewe, muulize shangazi yake, muulize hata muuguzi aliyechoka mwisho wa zamu: wote watasema ni Septrini. Ndiyo aliyoimeza mwisho, na jicho la binadamu hushika kilicho karibu. Ila kalenda inasema vingine. Kama hajawahi kumeza Septrini wala dawa nyingine ya salfa maishani, basi dawa hiyo imekuwa mwilini siku moja tu, na siku moja haiwatoshi askari wa mgambo hata kuitana majina. Amoksilini, kwa upande wake, ilianza siku kumi zilizopita, katikati kabisa ya muda wake. Kwamba aliimaliza tangu tarehe 5 hakumwondolei hatia, maana vipele hivi vinaweza kutokea siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Mshtakiwa wa kwanza anakuwa yule ambaye hakuna aliyemtaja. Sasa geuza jambo moja tu: mama huyu aliwahi kupewa Septrini miaka miwili iliyopita, na alipokuwa mjamzito mara ya mwisho alimezeshwa kliniki SP, dawa ya malaria yenye salfa ndani yake. Hapo siku moja inatosha, na Septrini inarudi kizimbani. Ndiyo maana maswali ni mawili na yanakwenda pamoja: ulianza lini, na umewahi kuitumia kabla? Anayeuliza moja akaacha jingine amepiga hesabu nusu.

Hapa msomaji makini ana haki ya kunizuia. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza na hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelivuta jua. Vivyo hivyo upele kuja siku ya tisa baada ya kidonge hakuthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichouleta. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu watu hawamezi antibiotiki wakiwa wazima. Wanameza wakiwa na homa, na homa nyingi, hasa za watoto, zinatokana na virusi ambavyo vyenyewe huleta vipele. Surua ni mfano ambao kila bibi anaujua. Huko Montreal, Kanada, madaktari waliwachukua watoto 818 waliowahi kupata vipele wakiwa kwenye amoksilini, wakawapa dawa hiyo tena chini ya uangalizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: asilimia 94 hawakupata lolote. Yaani katika kila watoto mia waliobandikwa jina la kuwa na mzio, zaidi ya tisini walibandikwa bure. Mtu anaweza kusema kwamba takwimu hiyo inaizika hoja yangu, kwamba tarehe haina maana. Mimi naiona inaonyesha matumizi yake halisi. Tarehe ni dhaifu katika kutia hatiani lakini ni hodari katika kuachilia huru. Dawa iliyoanza baada ya vipele kutokea haihusiki, na hilo halihitaji maabara. Dawa iliyoanza jana kwa mtu asiyewahi kuionja haihusiki na vipele vya aina ya surua. Dawa aliyoimeza mara tatu mwaka huu baada ya upele ule wa kwanza, bila kuwashwa hata kidogo, nayo inatoka kizimbani. Ukishawatoa wasiohusika, wanaobaki ni wachache, na hao ndio wa kuwafikiria kwa utulivu pamoja na virusi.

Eneo letu la Afrika lina ushahidi wake, na ni mchungu. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, tiba ya kifua kikuu Afrika Mashariki ilitegemea kwa sehemu kubwa dawa iitwayo thiasetazoni, iliyogunduliwa Ujerumani na kundi la Gerhard Domagk, mtu yuleyule aliyeupa ulimwengu dawa ya kwanza ya salfa. Ilikuwa rahisi, ilimezwa kwa mdomo, na ilifaa kwa nchi isiyo na fedha. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 na ambao Karel Styblo alisaidia kuujenga, uliitumia pamoja na isoniazidi katika miezi ya mwisho ya tiba. Kisha VVU vikaingia. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Nairobi kwa wagonjwa wa kifua kikuu: kati ya wenye VVU, mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi, kati ya wasio na VVU, kama mmoja katika mia. Wapo waliobambuka ngozi na kufariki. Shirika la Afya Duniani likashauri wenye VVU wasipewe tena dawa hiyo, ethambutoli ishike nafasi yake. Lililo muhimu kwa hoja yetu ni namna jambo hili lilivyoweza kuonekana. Kifua kikuu ni ugonjwa wa kadi. Kila mgonjwa ana tarehe ya kuanza, dawa alizopewa zimeandikwa kwa majina, na anarudi kliniki kwa siku zinazojulikana. Upele ukitokea, kuna mahali pa kuuhesabia. Fikiria dawa hiyohiyo ingekuwa inauzwa reja reja, vidonge vinne leo na sita wiki ijayo, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Wangapi wangebambuka kabla ya mtu yeyote kuoanisha?

Hatuna haja ya kukisia sana, kwa kuwa SP ilitupa picha ya upande wa pili. Agosti 2001 Tanzania iliacha klorokwini, iliyokuwa imeshindwa na malaria, ikaweka SP kuwa dawa ya kwanza, hadi dawa mseto ilipoichukua nafasi hiyo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006. Ndani ya SP kuna salfadoksini, ambayo ni salfa na inakaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya dozi moja. Hofu ya kubabuka ilienea upesi kuliko maelezo. Watu walisikia kwamba dawa hii inaunguza, na wapo walioikwepa kabisa wakabaki na malaria. Hofu hiyo haikutoka hewani: katikati ya miaka ya 1980 Wamarekani waliokuwa wakisafiri waliimeza kila wiki kama kinga, na vifo vya ngozi kubabuka vilivyotokea vikaifanya nchi yao iachane na matumizi hayo. Lakini kumeza kila wiki kwa miezi ni jambo moja, na dozi moja ya tiba ni jingine, na tofauti hiyo haikufika mtaani. Ukaaji wake mrefu mwilini nao huvuruga kalenda kwa namna ambayo daktari anapaswa kuikumbuka. Kwa amoksilini, ukiacha kumeza, dawa huondoka kwa saa. Kwa SP, mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba hana dawa yoyote anayotumia, kumbe ile ya wiki mbili zilizopita bado imo ndani yake. Na wajawazito bado wanapewa SP kliniki kujikinga na malaria, kwa hiyo swali la salfa halijastaafu.

Kabla ya kuhesabu, lakini, ni lazima upele uonekane, na hapa vitabu vingi vinamdanganya mhudumu wa kwetu bila kukusudia. Vimeandikwa na watu waliotazama ngozi nyeupe, kwa hiyo vinarudia neno wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuwa zambarau, kijivu, au weusi uliozidi weusi wa kawaida. Wakati mwingine jicho halioni kitu na mkono ndio unaogundua, ukipita juu ya ngozi iliyokuwa laini jana na leo ina chembechembe kama mchanga. Kinywa, macho na viganja husema mapema kuliko mgongo. Kwa upande mwingine ngozi nyeusi ina kipaji ambacho nyeupe haina kwa kiwango hicho: hutunza kumbukumbu. Upo mzio ambao Mfaransa Louis Brocq aliupa jina mwaka 1894, ambapo dawa huacha baka la mviringo, mara nyingi moja au machache tu, mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Baka huwasha au kuunguza, linaweza kupanda lengelenge, kisha hupoa na kuacha doa jeusi kwa miezi mingi. Mtu akimeza tena dawa ileile, doa lilelile huamka mahali palepale, na safari hii halingoji wiki. Ni suala la saa chache, au siku moja. Septrini na SP ni wahusika wakubwa. Hakuna mzio wa kuchelewa ulio rahisi kuutambua kama huu, kwa sababu mwili umeshaufanya uchunguzi na kuyabandika matokeo juu ya ngozi. Na bado hukosewa kila siku. Doa likiwa sehemu za siri, huitwa ugonjwa wa zinaa na mgonjwa hupewa antibiotiki nyingine. Likiwa mdomoni, kuna watakaosema amerogwa. Swali moja, kwamba limewahi kutokea hapohapo na siku hiyo ulimeza nini, lingemwokoa na aibu na gharama.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la busara ya nyumbani: ya nini hesabu zote hizi? Kama kuna shaka, aiache dawa hiyo milele, yaishe. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mji wenye maduka ya dawa kila kona na kila aina ya antibiotiki, ushauri huo una nafuu yake, ingawa hata Marekani, ambako kama mtu mmoja katika kumi amesajiliwa kuwa na mzio wa penisilini, zaidi ya asilimia 90 ya hao wakichunguzwa vizuri hukutwa wanaimudu. Kwa zahanati ya kijijini Sikonge au Uyui, kabati lina dawa chache, na kuifuta moja ni kufuta sehemu kubwa ya kabati. Mjamzito mwenye kaswende ndiye mfano unaouma zaidi. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sindano moja ya penisilini ya benzathini humkinga mtoto dhidi ya madhara ya ugonjwa huo. Hakuna dawa nyingine inayokubalika kumtibu mtoto aliye tumboni kwa uhakika huo. Sasa mwambie mama huyo hawezi kuchomwa kwa sababu alipokuwa na miaka sita aliota vipele siku ya nane ya ampisilini, ambavyo huenda vilikuwa vya virusi. Umemkinga na nini? Zaidi ya hapo, vipele vingi vya kuchelewa vya ampisilini na amoksilini hutokana na kitawi kimoja cha molekuli ambacho penisilini ya kawaida haina. Ndiyo maana jina la dawa yenyewe, si la ukoo wake, ndilo linalopaswa kuandikwa. Salfa nayo imepakaziwa jamaa wasio wake: wapo wanaomnyima mtu vidonge vya madini ya chuma, au kusita kumpa magnesiamu salfeti mwenye kifafa cha mimba, kwa kuwa kadi yake inasema ana mzio wa salfa. Salfa na salfeti zimekaribiana kwa matamshi tu. Katika kemia haziamkiani.

Lakini nisieleweke kana kwamba kuhesabu ni kungoja. Kuna upele ambao hesabu yake hufanywa mgonjwa akiwa tayari njiani kwenda hospitali. Mwaka 1922 Stevens na Johnson, madaktari wa New York, walieleza habari za wavulana wawili waliopata homa, macho kutoa usaha, midomo na kinywa kuchubuka, na vipele mwilini. Mwaka 1956 Alan Lyell wa Uskoti akaeleza wagonjwa wanne ambao ngozi yao ilibanduka kana kwamba wamemwagiwa maji ya moto. Leo tunajua ni ugonjwa mmoja wa viwango tofauti: ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili unaitwa kwa majina ya wale wawili, ikipita asilimia 30 ni ule wa Lyell, ambao huua karibu theluthi ya wanaoupata. Dalili zake za mwanzo hazina uficho kwa anayezitafuta. Ngozi inauma badala ya kuwasha. Mdomo, macho au sehemu za siri zina vidonda. Kuna malengelenge, au ngozi inateleza ikisukumwa kwa kidole. Homa imepanda, uso umevimba. Mtu wa namna hiyo anaachishwa mara moja kila dawa inayoshukiwa, hata kama tarehe hazijapangwa, na anapelekwa hospitali ya Kitete au ya Nkinga, kwa maana ngozi iliyobanduka humwacha mtu wazi kama aliyeungua, akipoteza maji na kukaribisha vijidudu. Hapo pia ndipo kanuni moja isiyo na mjadala inapoingia: dawa iliyomfanya mtu hivyo hairudishwi tena maisha yake yote, si kwa majaribio, si kidogo kidogo, si kwa kubadilisha kiwanda.

Zinabaki mashine na maabara. Kipimo kinachojulikana zaidi kwa mzio wa kuchelewa ni cha kibandiko, alichokianzisha Josef Jadassohn mwaka 1895: dawa inachanganywa na mafuta, inabandikwa mgongoni kwa siku mbili, na ngozi inasomwa saa 48 na tena siku ya tatu au ya nne. Zingatia kwamba hata kipimo chenyewe kina kalenda ndani yake. Kikijibu ndiyo, kina thamani. Kikijibu hapana, hakijamwachilia mtu yeyote, kwa sababu wengi wenye mzio wa kweli hawaonyeshi kitu kwenye kibandiko, hasa waliopatwa na ule wa kubambua. Na kwa mazingira yetu kuna onyo lililotoka Cape Town, ambako kikundi cha Rannakoe Lehloenya kiliwapima kwa vibandiko wagonjwa waliopata mzio wa dawa za kifua kikuu: baadhi ya wenye VVU walipata madhara ya mwili mzima kutokana na kibandiko chenyewe, kiasi kile kidogo cha dawa kilichogusa mgongo. Kwa hiyo hata siku kipimo hiki kitakapofika mikoani, kitamhitaji mtu anayejua nani asibandikwe. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimekuwa kikifundisha matabibu kazi ya ngozi kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu tabibu mmoja wa aina hiyo katika kila wilaya ana faida kubwa kuliko sanduku la vibandiko.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo jaribio la kweli la mzio limekuwa likifanyika hapa kwetu bila kuitwa jina hilo: wodi ya kifua kikuu. Mgonjwa akiota vipele vikali kwenye dawa nne, haiwezekani kuziacha zote, kwa maana kifua kikuu kitamuua. Haiwezekani kuendelea nazo zote, kwa maana hajulikani mkosaji. Basi zinasimamishwa, ngozi inaachwa itulie, kisha zinarudishwa moja moja, ikianza ile inayodhaniwa haina kosa, kwa dozi ndogo inayopandishwa kwa siku tatu, ndipo ifuatayo iingie. Kama alikuwa na dalili za ule mzio wa kubambua, utaratibu huo unakuwa na hatari kubwa, na dawa inayoshukiwa zaidi haiguswi kabisa. Vipele vikirudi, mkosaji ni wa mwisho kuingia mlangoni, na safari hii hukumu ya jicho na hukumu ya kalenda zinakubaliana, kwa sababu mwili umeshazikariri dawa zote na muda wa kungoja umefupika. Shida yake ni ya kawaida kabisa. Siku hizi dawa nne zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja ili mgonjwa asichoke kumeza, na kidonge kimoja hakigawanyiki kwa mashtaka. Lazima vipatikane vya dawa moja moja, na lazima awepo mtu wa kuandika, kila asubuhi, tarehe, jina la dawa, miligramu, na ngozi ilivyoonekana.

Kadi ya mgonjwa wa kawaida haina nafasi ya kurasa nyingi hivyo, na haizihitaji. Kilichozoeleka kuandikwa juu yake ni maneno matatu kwa wino mwekundu, mzio wa Septrini, na mhudumu anayefuata hajui kama ni mtu aliyewashwa mikono kwa siku mbili au aliyenusurika kubanduka. Mstari huohuo ungeweza kusomeka hivi: Septrini, ilianza tarehe 3, vipele tarehe 12, mwili mzima, kinywa na macho salama, hakuna homa, aliwahi kuitumia 2019 bila shida. Nakala ya maneno hayo ikijazwa kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inakwenda kuhesabiwa pamoja na za mikoa mingine. Na kama mgonjwa hajui jina la dawa, anakumbuka tu kwamba kilikuwa kidonge cha rangi mbili, mtu aende nyumbani kwao akalete karatasi kilichofungiwa, kabla haijawashiwa jiko.